Maneno Aliyopewa Rémy

Shuka lilikuwa langu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kilibula wakisimulia habari za kaka yangu Octave huanza na mashine, au na padri, au na ng'ombe wa theluji, na hakuna anayekumbuka kwamba mambo hayo yote yalionekana juu ya shuka alilonipa mama siku ya ndoa yangu, jeupe, zito, lenye maua madogo yaliyofumwa pembeni. Octave aliliazima mwaka wa 1961 kwa jioni moja tu. Mimi Geneviève sijalilalia hata mara moja.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vyeusi kwa mafuta, na nyumbani alikuwa mchache wa maneno hadi unamkasirikia. Ukimwuliza kama mboga ina chumvi anakohoa, nawe uamue mwenyewe kama kikohozi hicho ni ndiyo au ni hapana. Kabla ya uhuru palikuwa na padri mmoja mzungu, mzee wa jasho jingi, aliyezunguka vijiji vya kando ya ziwa na mashine ya sinema ndani ya gari. Alimchukua Octave kwanza kwa ajili ya jenereta iliyokuwa ikizimika ovyo, kisha akamfundisha kuunga filamu zilizokatika, kisha akagundua jambo ambalo sisi wa nyumba moja naye hatukulijua: Octave akisimama kando ya shuka la padri, taa zikazimwa, ulimi wake unafunguka.

Filamu zilisema Kifaransa. Yeye alizigeuza Kiswahili, na pale asipokielewa Kifaransa hakunyamaza. Alikuwa na sheria moja katika kazi ile, na aliishika kuliko alivyozishika amri za Mungu: mdomo ukitembea kwenye shuka, lazima upewe neno. Mdomo unaotembea bila neno, alisema, unawatia watu huzuni, wanarudi kwao wakifikiri kuna kitu wamefichwa. Ulimi hauna mfupa, na wa Octave, gizani, haukuwa na mfupa kabisa.

Uhuru ukaja, tukacheza siku tatu, na baada ya miezi kadhaa padri akafunga mizigo. Alimwachia Octave mashine, jenereta, masanduku mawili ya filamu na chupa tatu za gundi ya kuungia. Alisema atarudi baada ya Pasaka. Pasaka ya mwaka gani, hakusema.

Unyevu wa ziwa haukungoja Pasaka. Filamu zilianza kushikamana, nyingine zikaota madoa, nyingine zilikatika ukizitazama tu, na upande wa sauti wa mashine ukafa kabisa. Mtu mwenye akili angeiuza jenereta. Octave alikaa kwenye meza yangu ya chakula mwezi mzima na mkasi, akichagua vipande vilivyo vizima na kuunga hiki na kile bila kujali kila kimoja kilitoka filamu gani. Gundi ile ilinuka ndizi zilizoiva sana, na wanangu walizunguka meza siku nzima wakiomba ndizi ambazo hazikuwepo. Kilichopatikana mwishoni kilikuwa filamu moja ya karibu saa nzima, na katika maisha yangu, ambayo sasa ni marefu, sijaona kitu cha ajabu kama hicho.

Ilianza na ng'ombe wa Ulaya, wanene, wakiingia bandani mmoja mmoja kukamuliwa. Walipotoka upande wa pili hapakuwa tena na majani; palikuwa na theluji hadi magotini mwa watu, na watu hao waliteleza mlimani juu ya mbao mbili wakipita pale pale walipopita ng'ombe. Kutoka kwenye theluji akatokea mbu mkubwa kuliko kanisa, wa filamu ya kufundisha malaria, akisugua miguu yake polepole. Mbu alimtazama mtawa. Mtawa alifungua mlango, na nyuma ya mlango hapakuwa na chumba, palikuwa na bahari, na kando ya bahari wanaume wenye kofia ndefu walitembea kinyumenyume, miguu juu, vichwa chini, kwa sababu kipande hicho Octave alikiunga kimegeuka, na nilipomwambia akirekebishe akakohoa. Kisha bibi harusi wa Kizungu akakata keki. Kisha, mwishoni kabisa, bandari yetu ya Kalundu, na Rémy.

Rémy alikuwa jirani yetu, mpakiaji wa magunia ya pamba, rafiki wa Octave tangu siku waliyobatizwa pamoja. Mwaka wa 1959 padri alikwenda bandarini na kamera yake ndogo, na Octave alisimama nyuma yake akimshikia mwavuli. Kipande chenyewe hakichukui hata muda wa kumenya kiazi. Rémy anatua gunia, anajifuta uso kwa mkono, anaitazama kamera moja kwa moja, na midomo yake inatembea. Anasema kitu kifupi. Basi, filamu imekwisha.

Jioni ile ya kwanza, uwanjani pale Kilibula, watu walipomwona Rémy mkubwa kuliko nyumba yake walisimama wote. Midomo ikatembea. Octave, mwenye sheria yake, akaipa neno kwa sauti nzito ya Rémy mwenyewe, kwa lugha ya kwetu, ambako mimi ni minye na ugali ni bugali:

"Apollinarie, weka bugali ku meza. Minye niko nakuja."

Apollinarie, mke wa Rémy, alikuwa amekaa mbele na mtoto wao Spès mapajani. Alijifunika uso kwa kitenge. Rémy, aliyekuwa ubavuni mwake, alicheka hadi akatokwa na machozi, na hakukana wala hakukubali. Kuanzia hapo filamu iliisha hivyo kila mara, na watu wa mtaa mzima walilisema neno hilo pamoja na Octave.

Miaka mitatu alizunguka nayo, Songo, bandarini, na uwandani kwenye mashamba hadi Katogota. Filamu ile ilikuwa na tabia yake. Iliwaingia watu usingizini. Asubuhi, wanawake tulipokuwa tukiosha vyombo ziwani, mmoja alisema ameota theluji ikianguka juu ya maji na samaki wadogo wa ndagala wakipanda kuila. Mwingine alikuwa amefungua mlango wa jikoni akakuta bahari, na hakuogopa, alichota tu. Mimi niliota mbu yule mkubwa amekuja kunirudishia shuka langu, limekunjwa vizuri, nikamshukuru. Tulisimuliana ndoto hizo tukiwa na miguu majini, ukungu haujatoka ziwani na milima ya ng'ambo haijaonekana, na wakati mwingine sikujua lipi nimeliona kwenye shuka na lipi nimeliona nikiwa nimelala. Alikuwepo pia mfugaji mmoja wa milimani, Gakunzi, aliyeshuka kila mara na siagi yake, akakaa mbele, akawatazama ng'ombe tu. Theluji ikifika anaondoka. Alisema hawezi kuketi aone wanyama wa watu wakipelekwa kwenye baridi namna ile.

Mwaka wa 1964, mwezi wa tano, waasi walioipinga serikali wakauchukua mji wetu. Kamanda wao mmoja aliiona filamu, akaipenda, akaiona tena siku ya pili, kisha akatoa amri kwamba wazungu wote waondolewe ndani yake. Octave akarudi mezani kwangu na mkasi. Alitoa kila uso mweupe aliouona, na kilichobaki kilikuwa cha ajabu kuliko mwanzo. Mbao mbili ziliteleza zenyewe kwenye theluji. Mlango ulifunguka bila mtu. Kisu kiliikata keki, kikiwa na mkono mmoja ulioponea kwa bahati. Gakunzi alipoona maziwa yakijaa ndooni bila mkamuaji alitikisa kichwa, akasema nchi hiyo sasa imefika pazuri. Rémy tu ndiye aliyebaki mzima, kwa kuwa alikuwa wetu.

Lakini bandari ilikuwa imesimama, pamba haikushuka tena kutoka uwandani, na njaa iliingia nyumbani kwake kama ilivyoingia kwangu. Mwezi wa sita Rémy alichukua baiskeli akaenda Katogota kutafuta mihogo. Siku hiyo hiyo vita vilipita kwenye barabara ile. Hakurudi jioni, hakurudi Jumapili. Baada ya wiki mbili alikuja mkulima mmoja wa Katogota, jina lake Cyprien, akiisukuma baiskeli ya Rémy kwa miguu kutoka huko. Alimwambia Apollinarie mbele yetu sote kwamba Rémy alipigwa risasi kifuani, na kwamba yeye mwenyewe na wengine wawili walimfukia siku ile ile kando ya barabara pamoja na wengine wengi, wakakimbia, na hataweza kuonyesha ni wapi.

Apollinarie alimshukuru. Alimpa maji ya kunywa, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaingia jikoni kusonga bugali. Alipakua sahani mbili.

Katika ukoo wa Rémy wana desturi yao. Mtu aliyekufa mbali, mwili wake usionekane, kilio chake hakifunguliwi na mama wala na ndugu. Mke ndiye anayefungua. Mpaka yeye ainue sauti, hakuna anayeruhusiwa kulia, hakuna wa kunyoa nywele, hakuna moto wa matanga uani. Na ukoo haupaswi kuvuka maji ukimwacha nyuma mtu wao ambaye hajaliliwa. Kwa hiyo mama yake Rémy, bibi Pétronille, mwanamke aliyezaa tisa na kuzika sita, alikaa mlangoni pake mwezi wa sita wote, na wa saba, na wa nane, macho makavu, akimngoja mkwewe.

Mkwewe alikuwa akienda sinema. Kila Octave alipotandika shuka, Apollinarie alikuwa wa kwanza kufika. Mara ya kwanza baada ya habari za Cyprien, Octave alitaka kuikata filamu kabla ya Kalundu. Apollinarie alimwendea kabla giza halijaingia, akamwomba asikate. Basi Rémy akatua gunia, akajifuta uso, midomo ikatembea, na ulimi wa kaka yangu ukasema wenyewe kile ulichozoea kusema. Minye niko nakuja. Safari hii watu hawakulisema pamoja naye. Apollinarie alirudi kwake akasonga bugali.

Nilimkaripia Octave usiku na mchana. Nilimwambia anamfunga mwanamke kwa kamba ya maneno. Alikohoa. Naweza kusema sasa kwamba nilimwonea, kwa sababu nilimsikia akigeukageuka kitandani, mtu ambaye zamani alilala kama gogo.

Mwezi wa tisa ulipokuwa ukingoni, habari zikawa moja tu: askari wa serikali wanashuka kutoka Bukavu, na ndege zinatangulia mbele yao. Waliokuwa na mtumbwi walivuka kwenda Burundi. Ndugu za Rémy walikuwa wamepata mashua yenye nafasi kwa ukoo mzima na kwa sisi majirani, na siku nne zilipita mashua ikiwa imefungwa, watoto wamebebeshwa vifurushi asubuhi na kutuliwa jioni, kwa sababu Apollinarie alikataa kufungua kilio na alikataa kuondoka. Kila aliyemsihi alijibiwa vile vile, kwa upole: Octave alikuwa pale bandarini, alisikia kwa masikio yake, na Octave si mtu wa kusingizia mdomo wa rafiki yake. Rémy amesema anakuja. Akikuta nyumba imefungwa, atakula wapi?

Mwenye mashua alisema hangoji zaidi ya siku mbili. Siku hiyo ndiyo bibi Pétronille aliyoingia uani kwetu, akakaa chini bila kukaribishwa, akamwuliza kaka yangu kama mwanawe alisema kweli maneno yale.

Nilingoja kikohozi. Octave hakukohoa. Alisema hapana, hakusikia lolote, na bibi akamwambia inuka basi, uende ukamwambie Apollinarie mwenyewe.

Nilikwenda naye, maana sikumwamini. Tulimkuta Apollinarie anachambua maharage kwenye ungo, Spès akiwa amelala nyuma yake kwenye mkeka. Octave hakukaa. Mikono yake aliificha nyuma.

"Mama Spès," alisema, "ile maneno ni yangu. Kamera ilikuwa napiga kelele, minye nilikuwa nashika mwavuli. Sikusikia kitu. Unisamehe."

Apollinarie aliendelea kuchambua. Alitupa kijiwe, akatupa kingine. Nilikuwa tayari kumsikia akimtukana, na ningemsaidia kwa moyo wote.

"Petroli iko?" aliuliza.

"Iko kidogo."

"Onyesha filme kesho asubui. Lakini weye, shemeji, unyamaze. Usiseme hata neno moja."

Uwanjani kulikuwa na jua, na baada ya saa kumi na mbili jioni waasi, siku hizo, hawakumruhusu mtu kutoka, kwa hiyo Octave alitumia ghala tupu la pamba. Tuliziba madirisha kwa magunia. Saa tatu asubuhi tulikaa gizani juu ya sakafu, ukoo wote wa Rémy na majirani, vifurushi magotini, maana mashua ilikuwa inatungoja chini. Vumbi la pamba lilikuwa bado linaelea humo, na kila mahali palipokuwa na tundu kwenye bati, mwali mwembamba wa jua ulishuka na vumbi likapanda ndani yake taratibu. Kwa mbali upande wa uwandani kulikuwa na mngurumo, na hakuna aliyetaka kusema kama ni radi.

Sikuwa nimewahi kuiona filamu ile kimya. Octave alisimama mahali pake kando ya shuka, mikono imeshikana, mdomo umefungwa kabisa. Ng'ombe waliingia bandani na ilisikika mashine tu, ikitatarika. Theluji ilikuwa nyeupe kuliko nilivyoikumbuka. Mbu alisugua miguu yake kwa muda mrefu sana. Mlango ukafunguka wenyewe, bahari ikaingia ghalani, na nilihisi sote tunaelea kidogo, na vifurushi vyetu na watoto, kana kwamba tulikwishapanda mashua. Watoto ambao siku zote walipiga kelele walikuwa wametulia. Kisu kikashuka kwenye keki. Ikaja Kalundu.

Rémy akatua gunia. Filamu ilikuwa imechakaa, mikwaruzo ilimnyeshea kama mvua, lakini uso ulionekana. Akajifuta kwa mkono. Akatutazama. Midomo ikatembea, na Octave akakaza taya zake, kimya, na katika kimya hicho Apollinarie akasema kutoka mahali alipokaa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsomea jirani barua:

"Anauliza padiri. Anasema: 'Padiri, imekwisha? Minye niende?'"

Ndipo nilipokumbuka. Siku ile ya kamera Apollinarie alikuwa bandarini. Alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana, akasimama hatua tatu kutoka kwake, na sisi wote tulikuwa tumesahau kwa sababu kamera haikumtazama. Alijua maneno ya kweli tangu jioni ya kwanza. Baadaye, ng'ambo, aliniambia kwamba hakuwa mjinga hata siku moja. Ila mtu akisimama mbele ya watu kila juma na kusema mumeo anakuja, hata ukijua anatunga, mkono wenyewe unakwenda kwenye unga. Nilipomsikia akisema hivyo nililia, na sioni haya.

Utepe ukaisha. Mkia wa filamu ulikuwa unapiga mashine, pa, pa, pa, na Octave hakwenda kuizima. Shuka lilibaki jeupe tupu. Apollinarie alimlaza Spès mapajani mwa bibi yake, akainuka, akapita katikati ya watu hadi mbele, mwanga ukamjaa kifuani na usoni.

"Enda," aliliambia shuka. "Enda, Baba Spès. Imekwisha."

Kisha akaweka mikono kichwani, akainua sauti, na bibi Pétronille, aliyekuwa amengoja tangu mwezi wa sita, akaitikia.